Malipo ya tumbaku yanapokwama kwenye kufuli

Tabora ni mkoa wa tumbaku, na wakulima wengi huuza kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Tuchukue chama kinacholipa mamia ya wanachama kwa wakati mmoja. Mtaalamu wa hifadhidata anajibu.

Seva ina nguvu. Foleni inatoka wapi?

Kila malipo hupunguza salio lilelile la chama. Muamala wa kwanza hulitia kufuli salio hilo, na hauliachii mpaka ukamilike, yaani mpaka logi yake ifike kwenye diski, ili umeme ukikatika malipo yasipotee. Diski ikichukua milisekunde 5, salio halitabadilishwa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, hata ununue seva ya bei gani.

Hifadhidata haiwezi kuandika miamala mingi pamoja?

Huweza. Wafanyabiashara wadogo wa karne ya 19 kwenye njia ya Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, walijiunga na misafara mikubwa: majadiliano ya hongo, yaani ushuru wa kupita, huko Ugogo yalikula siku, heri yafanyike mara moja. Vivyo hivyo miamala hupelekwa diski kwa mkupuo. PostgreSQL 9.6 ya mwaka 2016 ilitumia mbinu hiyo hata kwenye kufuli lake la ndani: mchakato mmoja hulishika na kuwamalizia wenzake waliopanga foleni.

Lakini mkupuo hauwafai wanaogombea salio moja. Wa pili hawezi hata kuanza kukamilisha kabla wa kwanza hajaliachia.

Tufanye nini basi?

Rekebisheni programu. Kutuma SMS au kusubiri jibu la benki kukae nje ya muamala. Andikeni kwanza rekodi za mkulima, salio liguswe mwisho. Ikibaki foleni, gawanyeni salio mafungu 10, kila moja na kufuli lake. Gharama yake: fungu moja laweza kuishiwa wakati mengine yana fedha, hivyo programu ijue kuhamisha.

Tukiacha kusubiri diski?

Kasi itapanda. Ila seva ikizimika ghafla, mkulima aliyeambiwa amelipwa atakuta malipo hayapo. Kwa fedha za msimu mzima, msithubutu.

Tutajuaje tatizo letu ni lipi?

Kwenye PostgreSQL, someni pg_stat_activity wakati wa foleni. Wengi wakisubiri “Lock”, wanagombea data: rekebisheni programu. Wakisubiri “WalSync” (“WALSync” kwenye matoleo ya zamani), yaani logi ifike kwenye diski, diski ndiyo nzito, na hapo fedha ya diski bora itakuwa imekwenda mahali pake.