Jina Kwenye Orodha: Msaada wa Serikali kwa Wenye Uhitaji na Haki Yako ya Kuuhoji

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka kwenye bajeti yake yenyewe. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi shilingi 50,000. Bibi wa Paje anayelima mwani na mzee aliyestaafu ofisini Mjini wanalipwa sawasawa. Chama chao cha siasa hakiulizwi. Wakithibitisha umri na ukaazi wao, yamekwisha. Huruma ya viongozi ikishaandikwa kwenye bajeti namna hii, mzee haendi kuomba, anakwenda kuchukua chake.

Tanzania Bara kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu fedha hazitoshi kumpa kila mtu na lazima watu wachaguliwe. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mwaka 2012, chini yake, ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao umefikia zaidi ya kaya milioni 1. Penye kuchagua ndipo penye mwanya, na hapo ndipo tunapokuomba ukae macho.

Siku ya mkutano

Walengwa wa mpango huo huanza kupatikana kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wanakijiji wenyewe hukubaliana kwanza vigezo: kaya ipi huku kwetu ni maskini sana? Ile inayokula mlo mmoja kwa siku? Yenye watoto waliokatiza shule? Vigezo vikikubalika ndipo majina hutajwa. Kila kaya iliyotajwa hujaziwa dodoso, majibu huchakatwa kwa kompyuta, kisha orodha hurudi kijijini isomwe mbele ya watu.

Usomaji huo wa pili ndio wengi huukosa. Wako shambani, au wanadhani mambo yameshaisha. Kumbe hapo ndipo jina la mjane wa kitongoji cha mbali linapoweza kudondoka kimyakimya na la shemeji wa mjumbe likaingia. Mkutano una haki ya kusema: huyu ana duka na ng'ombe, atoke, yule kasahauliwa, aingie. Kumsema jirani mbele ya watu ni mtihani, hatukatai. Ndiyo maana inafaa mwende wengi, na asiyeweza kutembea asemewe na wanaomfahamu.

Hasara ya kunyamaza imeshaonekana. Uhakiki wa walengwa uliibua makumi ya maelfu ya kaya hewa: marehemu walioendelea kulipwa, watu waliohama, na wenye uwezo, wakiwamo viongozi wa vijiji. Fedha hizo zilikuwa za kaya ambazo majina yao hayakusomwa.

Siku ya malipo

Malipo hutolewa kila baada ya miezi miwili, kwa fedha taslimu mezani, kwa simu au benki. Hesabu fedha zako hapohapo. Kiongozi hana ruhusa ya kukukata mezani mchango wa darasa wala wa bima ya afya, hata kama mchango wenyewe ni halali. Huo una siku yake na risiti yake. Ukilipwa kwa simu, usimtajie wakala namba yako ya siri. Kiasi kikipungua, uliza. Watoto wasipohudhuria shule au kliniki, fedha hupunguzwa kwa mujibu wa masharti, na una haki ya kuelezwa hivyo.

Mgombea mwenye huruma

Msimu wa kampeni huja na mchele, khanga na sukari. Sheria ya uchaguzi iliwahi kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilikiuka Katiba. Hatumlaumu mwenye njaa anayepokea kilo ya mchele. Wa kuulizwa ni mgombea: kwenye kikao cha bajeti ulisema nini kuhusu wazee na watu wenye ulemavu? Uliwahi kudai orodha ya walengwa wa kata hii ibandikwe ukutani? Akikuambia amekuletea TASAF, jua kwamba fedha hizo hazikutoka mfukoni mwake. Na kura yako, vyovyote utakavyoipiga, si kigezo cha kukufuta kwenye orodha.

Yanapotokea maafa

Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, michango ilimiminika. Mwezi haujaisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa maofisa wawili waandamizi kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Baadaye fedha zilielekezwa kwenye shule na taasisi nyingine za umma, wakati wengi waliobomokewa nyumba walitarajia wangejengewa. Kujenga shule si kosa. Ila mtu anayelala chini ya turubai anastahili kuambiwa mapema kipi atapata na kipi hatapata, na mchangaji naye ajue fedha yake itafanya nini.

Pa kulalamikia

Anza na kamati ya usimamizi ya jamii kijijini kwako. Kama ndiyo unayoilalamikia, nenda moja kwa moja kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Palipo na harufu ya rushwa, piga simu kwa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba 113, bila malipo. Andika tarehe, kiasi, na jina la aliyekuhudumia. Usiyejua kuandika, muombe mtoto anayesoma akuandikie siku hiyohiyo.