Mshauri, Mwili Wako Unasemaje?

Kijana mwenzangu, tuseme umechaguliwa kuwa mwelimisha rika shuleni kwenu, Geita au Kahama. Kwenye mafunzo mnaigiza watatu: mshauri, mwenye shida na mtazamaji. Mwenzako anajifanya kijana aliyeacha shule akaenda kufanya kazi kwenye makarasha ya dhahabu. Anasema, "Nina kidonda huku chini, naogopa kupima." Ghafla unacheka! Au unaanza kumhubiria: "Wewe nawe, si uliambiwa?" Mtazamaji akikueleza kosa lako, unakuja juu: "Aa, mimi nilikuwa namsaidia!"

Kwenye igizo mtacheka yaishe. Kijana wa kweli angeondoka na kidonda chake. Utafiti uliofanyika vijijini mkoa wa Mwanza kuanzia 1991 hadi 1994, wakati Geita ingali wilaya ya mkoa huo, ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizo mapya ya VVU kwa asilimia 40 hivi. Basi kicheko kile si mchezo.

Kwa nini ulicheka? Moyo ulikataa kusikia. Daktari Sigmund Freud wa Vienna aliliona hili kwa wagonjwa wake zaidi ya miaka 100 iliyopita: mtu hukwepa linalomuuma bila mwenyewe kujua. Kumbe hata mshauri hukwepa! Pengine umemkumbuka kaka yako aliyeko machimboni, au wewe mwenyewe hujapima.

Mwili hutangulia kusema. Ukishtuka, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya adrenalini. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, kinywa kinakauka, tumbo linakaza. Ukiyasikia hayo, jiulize kimoyomoyo: hofu hii ni yake au yangu? Toa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mapigo yatatulia. Halafu nyamaza umwache amalize.

Wapo wakufunzi wanaosema umkazie macho unayemsikiliza. Mimi sikubali. Kwetu Usukumani kijana akimkazia macho mtu mzima ataambiwa hana adabu, na msichana mwenye jambo zito mara nyingi hulisema vizuri zaidi akitazama chini. Mtazame kwa upole, basi.

Sasa rudieni igizo, mbadilishane nafasi. Safari hii mtazamaji asijali sana maneno. Aangalie mikono, mabega na miguu ya mshauri, aandike ni neno gani lilipotajwa vikaanza kutikisika.