Galaksi zinapogongana: somo kwa wanaopenda kufikiri

Juma hili naomba tutazame mbali, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 320. Huko liko kundi la galaksi liitwalo Coma, lenye galaksi zaidi ya 1,000. Mwaka 1959 wataalamu wa darubini ya redio ya Jodrell Bank, Uingereza, waligundua humo mawimbi ya redio yasiyotoka katika galaksi yoyote. Yametanda kama ukungu katika gesi iliyo baina ya galaksi, kwa upana wa mamilioni ya miaka ya nuru.

Mawimbi hayo hutolewa na elektroni zinazokwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga, zikizungushwa na nguvu ya sumaku iliyo dhaifu mno. Hapo ndipo penye kitendawili. Elektroni ya namna hiyo huishiwa nguvu katika miaka kama milioni 100, na muda huo hautoshi kabisa kuivusha kundi zima. Ukimkuta mtu anashuka garimoshi Kigoma na mkate wa moto, akadai kaununua Dar es Salaam, utamkatalia. Mkate ule umepashwa hapo hapo.

Nani basi anazipasha elektroni? Makundi mawili yanapovutana na kugongana, gesi yake huvurugika, na msukosuko huo huzirudishia nguvu. Ndiyo maana mawimbi haya yaliyotanda huonekana zaidi katika makundi yanayogongana, na mara nyingi hayaonekani katika yaliyotulia.

Wapo walioshika rai nyingine, kwamba protoni zinazogonga gesi huzalisha elektroni mpya kila mahali. Rai hiyo haikudharauliwa, bali ilipimwa. Kama ingetosha peke yake, Coma ingetoa miale mingi ya gama. Darubini ya Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, haikuiona kwa kiasi hicho. Rai ikapungua nguvu.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa mijini kwetu hoja nyingi hupimwa kwa cheo cha msemaji. Hapa swali lilikuwa moja tu: kama usemalo ni kweli, tutegemee kuona nini?

Wala tusidhani hii ni elimu ya wengine. Darubini ya MeerKAT, yenye antena 64, ilizinduliwa Afrika Kusini mwaka 2018. Uchunguzi wake wa makundi 115, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta mawimbi haya katika makundi 62. Kenya nayo ni miongoni mwa nchi za Kiafrika zilizoshirikishwa katika mradi wa SKA, unaojengwa huko huko.

Vyombo vimeshafika barani kwetu. Wazazi na walimu, kijana wetu anayepewa fizikia ya kukariri bila maabara, ataviendesha au atavisoma magazetini?