Maudhui ya Kisasi, Wazimu na Utambulisho: Nahodha Ahab na Wenzake

Mwanafunzi akitakiwa kueleza sifa za Nahodha Ahab katika riwaya ya Moby-Dick, huandika kwamba ni mwendawazimu, kisha kwamba ni mlipiza kisasi, halafu kalamu inakauka. Majibu hayo si ya uongo. Ila hayatakupatia alama nyingi, kwa sababu hayagusi swali ambalo Herman Melville analichimba katika riwaya hiyo aliyoichapisha mwaka wa 1851: inakuwaje mtu mmoja apagawe na mabaharia wapatao 30 wamfuate hadi kifoni?

Tuanze na kisa chenyewe. Katika safari iliyotangulia, Ahab aling'olewa mguu na nyangumi mweupe anayeitwa Moby Dick. Sasa anatembelea mguu uliochongwa kutokana na mfupa wa taya la nyangumi. Zingatia ishara hiyo. Kile kilichomlemaza ndicho kinachomsimamisha, naye hawezi kupiga hatua bila kukumbushwa adui yake. Meli yake, Pequod, inang'oa nanga kutoka Nantucket nchini Marekani kwenda kuwinda nyangumi kwa ajili ya mafuta, bidhaa iliyowasha taa za watu enzi hizo. Wenye meli wanajua ni safari ya biashara. Siku kadhaa baadaye Ahab anawakusanya mabaharia sitahani, anapigilia sarafu ya dhahabu kwenye mlingoti na kutangaza kwamba atakayekuwa wa kwanza kumwona nyangumi mweupe ataichukua. Pombe inazungushwa. Wanashangilia na kula kiapo.

Ni Starbuck pekee, msaidizi wa kwanza wa nahodha, anayepinga waziwazi. Hoja zake ni mbili na yafaa uzikariri. Kwanza, yeye alikuja kutafuta mafuta, na kisasi cha bosi wake hakiuziki sokoni Nantucket. Pili, nyangumi ni mnyama tu aliyemuuma mtu kwa silika yake. Kumlipizia kisasi kiumbe kisicho na akili ni kumkufuru Mungu. Ahab anajibu kwamba vitu tunavyoviona ni vinyago tu, na nyuma ya kinyago kuna nguvu yenye nia. Yeye anataka kukipasua kinyago hicho. Hapa ndipo kisasi na wazimu vinapokutana: Ahab amempa nyangumi nia ya binadamu ili apate wa kumchukia.

Je, Ahab ana wazimu wa kuokota makopo njiani? Hata kidogo. Anaketi usiku na ramani zake, akikokotoa mikondo ya bahari na majira ambapo nyangumi hupita. Anajua kwamba akiwanyima mabaharia uwindaji wa kawaida wataikosa pesa waliyoifuata na huenda wakamwasi, kwa hiyo anawaruhusu waendelee kuwinda nyangumi wengine. Yeye mwenyewe anakiri moyoni kwamba njia zake ni za mtu timamu; lengo ndilo limepotoka. Huo ndio wazimu wa hatari zaidi katika riwaya hii, wazimu unaopiga hesabu sawasawa. Ukiandika hoja hii, itetee kwa mfano wa ramani. Baadaye Ahab anakivunjavunja chombo cha kupimia jua ambacho humwonyesha nahodha mahali meli ilipo. Weka matukio hayo mawili pamoja na utaona jinsi hali yake inavyozidi kudidimia.

Usimsahau Pip, mvulana mweusi anayehudumu melini. Anaruka kutoka mashuani kwa hofu, anaachwa peke yake katikati ya bahari, na anapookolewa akili zake zimeruka. Ahab, asiyemwonea huruma yeyote, anamshika mkono na kumkaribisha katika chumba chake. Kisha anaanza kumwepuka. Kwa nini? Kwa sababu mapenzi ya mtoto huyo yanaelekea kumponya, naye hataki kupona. Kwa maoni yangu hakuna tukio linaloumiza kuliko hilo, isipokuwa labda lile la meli ya Rachel. Nahodha wa Rachel anamsihi Ahab amsaidie kumtafuta mwanawe aliyepotea baharini. Ahab, ambaye pia ana mtoto nyumbani, anakataa, asije akapoteza muda wa kumfukuza nyangumi.

Sasa tugeukie utambulisho. Siku moja kabla ya mapambano, bahari ikiwa shwari, Ahab anadondosha chozi majini. Anamsimulia Starbuck kuhusu miaka 40 aliyoimaliza baharini na mke kijana aliyemwacha. Starbuck anamsihi wageuze meli. Ahab anageuza uso na kujiuliza ni nani hasa anayeuinua mkono wake, na kama Ahab bado ni Ahab. Kisasi kimemmeza mwenyewe. Siku ya tatu ya msako, kamba ya chusa lake inamnasa shingoni na kumvuta chini. Nyangumi anaibamiza Pequod nayo inazama.

Anayesalia ni msimulizi. Kumbuka kwamba yeye hasemi jina lake ni Ishmael. Anatuomba tu tumwite hivyo. Katika Biblia, Ishmaeli ni mwana wa Hajiri aliyefukuzwa nyumbani, naye Ahabu ni mfalme mwovu wa Israeli, kwa hiyo majina haya ni majazi. Ishmael anaokolewa na jeneza. Rafiki yake Queequeg, mtoto wa mfalme wa kisiwa cha mbali, aliugua akaomba atengenezewe jeneza, akapona, kisha akalichonga kwa michoro ileile iliyochanjwa mwilini mwake. Jeneza likafanywa boya. Mtu ambaye Ishmael alimwogopa walipokutana ndiye ambaye alama zake zinamwelesha. Na meli inayomwokota ni Rachel, ikiwa bado inamtafuta mtoto aliyepotea. Hicho ni kinaya usichopaswa kukiacha nje ya jibu lako.

(Ukichoshwa na sura ndefu kuhusu mifupa na mafuta ya nyangumi, si wewe wa kwanza. Zisome harakaharaka, lakini usiziruke zote: zinaonyesha kwamba kiumbe kilekile ambacho Ahab anakiona kama shetani, Ishmael anakitazama kwa udadisi.)

Ulinganishi utaimarisha jibu lako. Melville alimtunukia Nathaniel Hawthorne riwaya hii. Mwaka mmoja nyuma, Hawthorne alikuwa amechapisha The Scarlet Letter. Humo, mume wa Hester anafika Boston na kumkuta mkewe ameaibishwa hadharani kwa uzinzi. Analificha jina lake, anajiita Roger Chillingworth, na kuwa tabibu wa Dimmesdale, mwanamume anayemshuku. Anamtibu huku akimtesa. Dimmesdale anapokiri mbele ya umma na kufa, Chillingworth ananyauka na kufa kabla ya mwaka kwisha. Aliishi kwa kisasi. Kisasi kilipokosa chakula, naye akakosa.

Edgar Allan Poe ni tofauti. Katika The Cask of Amontillado, ya 1846, Montresor anamlevya Fortunato, aliyevaa kofia yenye njuga, na kumjengea ukuta akiwa hai, kwa mwiko wa mwashi aliokuja nao chini ya joho. Jina Fortunato linamaanisha mwenye bahati. Montresor hatuambii alitukanwa vipi, na anasimulia kisa hicho baada ya miaka 50. Hapotezi akili, hakamatwi. Basi jiulize: mtu aliyefaulu kulipiza kisasi ana haja gani ya kukisimulia nusu karne baadaye?

Maswali ya marudio

1. "Ahab ni mhasiriwa na pia mkosaji." Jadili. (alama 20)

2. Onyesha jinsi mabaharia wa Pequod wanavyochangia maangamizi yao wenyewe. (alama 10)

3. Linganisha wazimu wa Ahab na ule wa Pip. (alama 10)