Kidude cha Mtandao Kilichozimika Kikuubo

Wenzangu, nanyi mliotoka shuleni zamani, nataka kuwaeleza jinsi nilivyotafuta kasoro katika kompyuta ya mjomba wangu wakati wa likizo ya Desemba 2024. Darasani tunafundishwa majina ya vitu, lakini namna ya kutafuta kosa hatufundishwi sana.

Kikuubo, kwa wasiopafahamu, ni uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, karibu na vituo vya mabasi na takisi; jina lenyewe kwa Kiganda lina maana ya njia nyembamba. Mwezi wa Desemba mtu hatembei humo, husukumwa tu. Mjomba huuza sabuni na mafuta ya kula kwa katoni. Tangu mwaka 2021 serikali imewataka wafanya biashara waliosajiliwa kwa kodi ya VAT watoe ankara zao kwa njia ya EFRIS, na mambo hayo yalileta ubishi mkubwa hata maduka ya Kikuubo yakafungwa Aprili 2024. Ubishi huo siuingilii. Kwetu sisi maana yake ni kwamba mtandao ukikatika, ankara haitoki, na mteja aliyetoka Masaka hawezi kungoja wakati basi lake linaondoka saa nane.

Duka li ghorofani, waya haufiki, kwa hiyo kompyuta hupata mtandao kwa kidude kidogo cha USB. Jumapili jioni mimi mwenyewe, kwa kujiona fundi, nilipandisha mfumo wa Ubuntu kutoka 22.04 hadi 24.04. Jumatatu asubuhi mtandao ulionekana kwa dakika moja, kisha ukatoweka, na kompyuta nzima ikaganda.

Mjomba akatoa fedha mfukoni. "Kidude kimekufa. Nenda kanunue kingine."

"Mjomba, nipe nusu saa kwanza."

"Nusu saa ya Desemba, mpwa wangu?" Lakini akanipa.

Swali la kwanza lilikuwa hili: je, chombo ki hai? Nikaandika amri ya lsusb, na jina la kidude likatokea katika orodha. Hiyo haikuwa hakika bado, kwa maana hata mgonjwa huitika jina lake. Basi nikawasha kompyuta upya, nikashika kitufe cha Shift mpaka orodha ya kuanzia ikatokea, nikachagua kiini cha zamani, 5.15, badala ya kipya, 6.8. Bahati nzuri kilikuwa hakijafutwa. Mtandao ukaja, ukakaa. Dakika kumi zikapita, ukawa ungali upo. Kidude kile kile, tundu lile lile, duka lile lile; kilichobadilika ni kiini tu. Kwa hiyo kosa halikuwa katika kidude, na zile fedha nikamrudishia. Mjomba akaanza kutoa ankara papo hapo, nami nikanyamaza mpaka jioni, kwa maana duka lilikuwa limejaa watu na mtu hafungui injini gari likiwa mwendoni.

Tulipokwisha funga mlango nikawasha tena kwa kiini kipya. Sasa nilitaka kujua sababu. Kiendeshi ni kama mkalimani baina ya kiini na chombo: bwana akibadilika, mkalimani wa zamani huenda asielewe tena lugha. Nikasoma maandishi ya dmesg, ambamo kiini huandika kila linalompata, nikaona mahali kiendeshi kilipoanguka. Ajabu ni kwamba jina lililoandikwa pale halikuwa la kiendeshi kilichowekwa dukani siku za nyuma! Amri ya lsmod ikathibitisha jina lile geni. Kisha dkms status ikanionyesha kwamba kiendeshi chetu kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya 5.15 peke yake. Kiini kipya hakikukikuta, kikamwita mkalimani wake mwenyewe, naye kwa kidude chetu hakufaa.

Dawa ilikuwa kuondoa kiendeshi cha zamani, kupata toleo jipya linalokubaliana na 6.8, kulijenga, kisha kukikataza kile kigeni kisiamke. Lakini utapakuaje kitu bila mtandao? Nikaunga simu yangu kwa waya wa USB, nikatumia mtandao wake. Kompyuta huuona kama mtandao wa waya, wala haihitaji kidude. Katazo huandikwa katika faili ndani ya /etc/modprobe.d, neno blacklist na jina la kiendeshi. Hapo nilipoteza karibu saa nzima, kwa kuwa niliruka herufi moja ya jina, na mfumo haulalamiki ukikataza kitu kisichokuwapo. Nilipoandika sawasawa na kuwasha upya, mtandao ukakaa, hata nilipopakua faili kubwa kwa makusudi ili kuujaribu.

Kiini cha zamani sikukifuta. Nimembandikia mjomba karatasi ukutani, karibu na kalenda, inayoeleza jinsi ya kukichagua kwa kitufe cha Shift. Nilipoondoka Januari kurudi shuleni alikuwa ameandika chini yake, kwa kalamu nyekundu, kwamba mtu yeyote asipandishe mfumo mwezi wa Desemba.