Mgeni Hapewi Ufunguo wa Boma: Kuilinda Tarakilishi ya Nyumbani

Mwaka huu sikuleta shairi. Nimeleta somo, na ndani yake mna ungamo.

Mnakumbuka mwanzoni mwa muhula wa pili flashi ya chama, ile yenye makala ya jarida hili, ilipokataa kufunguka? Mnakumbuka pia mlivyonipigia makofi nilipoitibu? Basi leo nasema kweli: aliyeitibu ndiye aliyeiambukiza.

Mambo yalikuwa hivi. Nyumbani kwetu Kitengela tuna tarakilishi moja ya mtumba. Mama huitumia kuandika madeni ya wateja wa duka lake la dawa na chakula cha mifugo. Mimi niliruhusiwa kufanyia kazi ya shule, basi. Likizo ya Aprili rafiki akanipa flashi yenye mchezo wa kandanda, ati wa bure, ilhali wengine huununua. Nilipoubofya, kidirisha kikatokea kikiuliza kama naruhusu programu hiyo ifanye mabadiliko kwenye mashine. Sikusoma. Nikabofya "Ndiyo" upesi upesi.

Mchezo wenyewe haukufunguka. Kesho yake kivinjari kikawa kinafungua ukurasa wa matangazo nisioujua, kinga ya virusi imezimwa, na kila flashi niliyochomeka folda zake zikageuka kuwa alama zenye mshale mdogo. Nikaogopa, nikanyamaza siku tatu. Katika siku hizo nilichomeka flashi ya chama, kisha nikamrudishia katibu bila kuwazia lolote.

Siku ya nne Mama alitaka kumdai mteja. Akachomeka flashi anamoweka hesabu zake, mishale mitupu!

"Mwanangu, umeifanya nini hii kompyuta?"

Nikamweleza yote. Fundi mmoja wa mtaani alisema dawa ni kufuta kila kitu. Mama nusura akubali, maana alikuwa amekata tamaa. Nikamsihi tufike kwanza Kajiado kwa mjomba, ambaye mambo haya anayajua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Haya, tumwone mgonjwa."

Mjomba hakuiunganisha mashine yetu na mtandao, ili ugonjwa usisambae. Flashi ya Mama aliichomeka kwenye mashine yake inayotumia Linux, ambako kirusi cha Windows hakiendeshwi. Kumbe hesabu zote zilikuwamo! Kirusi kilikuwa kimezificha tu, kisha kikaweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya mkato, unakiendesha wewe mwenyewe. Mjomba alinakili hati zetu, akaiwekea mashine Windows upya, na akatuamuru kubadilisha nywila zetu zote kwa kutumia kifaa kingine kisicho na ugonjwa. Kisha akanifunza haya.

1. Ufunguo mkuu usitembee nao

"Mpwa wangu," aliniuliza, "mgeni akija bomani, unampa ufunguo wa kila mlango?"

Windows ina akaunti za aina mbili: ya msimamizi na ya kawaida. Programu unayoifungua huazima mamlaka yako. Ukiwa msimamizi nawe ukabofya "Ndiyo", kirusi nacho kinakuwa msimamizi. Kinaweza kuzima kinga, kubadilisha mipangilio, na kujiandika miongoni mwa programu zinazoamka pamoja na mashine. Kidirisha kile kililetwa na Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, kwa sababu hiyo hasa. Lakini ukiwa katika akaunti ya kawaida, "Ndiyo" tupu haitoshi. Kidirisha hudai nywila ya msimamizi. Kwetu sasa nywila hiyo anayo Mama, nami natumia akaunti ya kawaida.

2. Adui hujifunza

Sisi wa Kitengela tunamjua Richard Turere, kijana aliyewazuia simba wa Mbuga ya Nairobi wasiwale ng'ombe wa kwao. Aliweka sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba waliogopa. Wa pili wakagundua haisogei. Ndipo akabuni taa zinazowakazimika kwa zamu, na mwaka 2013 akasimulia ubunifu huo katika jukwaa la TED huko Marekani. Kinga isiyosasishwa ni sanamu isiyosogea. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilifunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba mwanya huo tangu tarehe 14 Machi. Wengi walioumia hawakuwa wamekiweka. Kwa hiyo ruhusu masasisho, na usizime Defender iliyomo ndani ya Windows. Wenye Windows 10 wajue kwamba masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

3. Soma jina lote

Iamuru mashine ionyeshe majina kamili ya faili. Faili iitwayo matokeo.pdf.exe si hati, ni programu iliyovaa kanzu ya hati. Flashi ya mtu ikaguliwe kwa kinga kabla ya kufunguliwa. Programu ya kulipiwa inayogawanywa bure kwa siri, jiulize ni nani anayeilipia.

4. Weka nakala mbali

Akaunti ya kawaida huulinda mfumo, lakini haizilindi hati zako mwenyewe. Programu ya kudai fidia yaweza kuzifunga hata hivyo. Nakili hati muhimu kila wiki kwenye diski ya pembeni, kisha uichomoe. Diski iliyoachwa imechomekwa huambukizwa pamoja na mashine. Washa pia huduma ya kurejesha mfumo ilivyokuwa jana, lakini jua kwamba hiyo hurudisha mipangilio, si hati zilizopotea.

5. Sema mapema

Hili mjomba hakunifunza, nilijifunza mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lau ningesema siku ile ile, ugonjwa ungeishia katika mashine moja, na flashi ya chama isingeguswa.

Wenzangu, makofi yenu nawarudishieni. Katibu wetu, uliyelaumiwa bure, niwie radhi. Na yeyote atakayeona mishale midogo kwenye flashi yake asiifute wala kuibofya. Aje aniambie, nami sitamcheka.