SOMO LA INJINI YA DIZELI: KWANZA JUA KILICHOIUA

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mwaikumbuka khabari ya pikapu ya jumuiya msimu uliopita. Karafuu zimeshachumwa, wachumaji wamekwisha pimiwa pishi zao, magunia yamejaa, na gari halipandi mlima. Likatoa moshi wa samawati, likazima, likakataa kuwaka. Nanyi mnajua kuwa karafuu mbichi hazimngoji mtu. Zikilala zimelundikwa hupata joto na kuvunda, na hata ukizianika baadaye rangi yake haitengenei tena. Mavuno ya siku mbili yalitupotea namna hiyo.

Hasara hiyo haikuletwa na mvua wala na wezi. Ililetwa na mpira wa hewa uliopasuka, mpira ambao sisi wenyewe tuliuona tukanyamaza. Ndiyo maana tumeonelea ni wajibu wetu kuandika somo hili, ili yeyote mwenye gari au mashine ya dizeli asijifunze kwa hasara kama sisi.

Gari tulilivusha bahari tukalipeleka Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Wazo na Tegeta. Huko anakaa mzee wetu mmoja, mwanachama, ambaye ujanani alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Alitupa ua wake, kivuli cha mwembe, na chenibloki iliyotundikwa juu ya magogo matatu. Tulikwenda tukiwa na haraka ya kufungua. Yeye akatuzuia, akasema, "Wanangu, mmeshajua kilichomuua? Mkimzika bila kujua, na huyu mpya atakufa kwa maradhi yale yale."

Dizeli huwakaje

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliifanikisha huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina cheche. Pistoni hupanda na kuibana hewa mpaka ibaki sehemu moja katika 16 hadi 23 ya ukubwa wake wa kwanza. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo noseli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka yenyewe.

Basi fahamuni jambo hili: uhai wote wa dizeli umo katika kubana hewa. Ringi zikilika, au vali zisipokaa sawasawa, au gasketi ya kichwa ikivuja, hewa hutoroka, joto halipatikani, na gari haliwaki.

Uchunguzi kabla ya kufungua

Tazameni moshi. Wa samawati ni mafuta ya injini yanayoungua. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Mweupe usiokwisha ni dizeli isiyowaka, au maji yanayoingia ndani. Kisha pimeni mbano wa kila silinda kwa geji, mkaandike. Silinda iliyo dhaifu itieni kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya injini, si zaidi, mkapime tena. Mbano ukipanda, kosa ni la ringi na silinda. Usipopanda, tafuteni kwenye vali na gasketi.

Kwetu mbano ulipanda. Mzee akaufuata mpira unaotoka kwenye filta ya hewa, akaukunja kwa vidole, na ufa ukafunguka kama mdomo. Ndani yake palikuwa na vumbi jekundu la barabara zetu za shamba. Vumbi lina chembe za mchanga, nao mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Miezi mingi gari lilikuwa likivuta msasa. Wahenga walikwisha sema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumeujenga.

Kufungua kwa adabu

Osheni injini kwa nje kabla ya kulegeza bolti hata moja. Kila kiungo kiwe na kopo lake na jina lake. Vifuniko vya konrodi na vya beringi za krenki vipigwe alama ya namba na ya upande, kwani kila kimoja kimechongwa pamoja na mwenziwe, na kukibadilisha ni kuiharibu krenki. Vali na vijiti vyake vipangwe katika ubao wenye matundu. Tulipokuwa na shaka tulichora kwenye daftari, na daftari hilo likatuokoa siku ya kufunga.

Kupima si kukisia

Hapa ndipo mafundi wengi wa nyumbani wanapokosea. Hununua ringi mpya wakazitia katika silinda iliyolika, na baada ya muda mchache moshi hurudi. Silinda hulika zaidi karibu na juu, pale ringi inapogeukia. Ukipitisha ukucha ukagota kwenye ukingo, jua imelika. Kila silinda hupimwa juu, kati na chini, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Ni vipimo sita, na kwa silinda nne ni 24. Vilinganisheni na kitabu cha kiwanda cha injini yenyewe, wala msitumie cha injini nyingine.

Zetu zilipita kikomo. Tulinunua pistoni zilizozidi kwa milimita 0.50, ndipo tukazipeleka pamoja na bloki kwenye karakana ya Gerezani. Utaratibu ni huo: pistoni kwanza, kuchonga baadaye, ili silinda ichongwe kwa kipimo cha pistoni yake. Krenki nayo ilipimwa, na kichwa kikawekewa rula ya chuma kuona kama kimepinda, kikachunguzwa nyufa.

Pampu ya dizeli na noseli hatukuzigusa. Hizo zina fundi wake na mashine yake ya kujaribia. Tena ni hatari: noseli ikinyunyiza, msukumo wake waweza kupenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na jeraha hilo, ijapokuwa ni dogo kama la sindano, ni la kukimbiziwa hospitali saa ile ile.

Kufunga na kuwasha

Bloki inayotoka kuchongwa huoshwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha hupakwa mafuta mara moja isishike kutu. Beringi hupakwa mafuta safi. Nafasi ya mdomo wa kila ringi hupimwa ndani ya silinda yake. Bolti za kichwa hukazwa kuanzia kati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo. Alama za taimingi zikikutana, izungusheni injini kwa mkono mizunguko miwili mizima. Ikigota popote, simameni mtafute sababu, msilazimishe.

Kabla ya kuwasha, fungeni dizeli mkazungushe kwa stata mpaka taa ya mafuta izime. Ndipo mtoe hewa kwenye mipira ya dizeli, mkawashe. Katika kilomita 1,000 za mwanzo msibebe shehena nzito, wala msiache injini ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Mafuta ya kwanza yamwagwe mapema, kwani ndiyo yanayobeba unga wa chuma.

Gari letu liliwaka jioni, kwa mzunguko wa tatu wa stata. Tulishukuru Mungu, tukadhani mzee atafurahi pamoja nasi. Yeye aliinama, akaushika ule mpira mpya wa hewa, akautikisa kuona kama umekazwa. Kisha ndipo alipokwenda kunawa.

Tangu tuliporudi, Kamati imeamua kuwa dereva atautazama mpira huo na filta kila Ijumaa asubuhi na kutia sahihi daftarini. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na msimu uliopita dakika tano hizo zingetuponyea mavuno ya siku mbili.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini dizeli haiwaki hewa inapotoroka?
2. Mbano ukipanda baada ya kutia mafuta, kosa liko wapi?
3. Kwa nini pistoni hununuliwa kabla ya kuchonga silinda?
4. Mpira wa hewa wa gari lako uliutazama lini?

Wassalaam,
Katibu wa Jumuiya